Jinsi ya kuongeza kasi ya kompyuta ya nyumbani bila kuiunguza

WAMILIKI wengi wa kompyuta za mezani huamini kwamba mashine ikianza kujikokota, dawa yake ni kununua nyingine. Lakini baadhi ya kompyuta hizo huwa na kasi ya akiba ndani ya prosesa, na mwenye subira anaweza kuitoa bila kutumia hata senti moja dukani.

Utaratibu huo, ambao mafundi huuita ovakloki, ni kuifanya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ifanye kazi kwa kasi inayozidi ile iliyopangiwa kiwandani.

Hata hivyo, kasi hiyo ina gharama yake. Hulipiwa kwa joto na umeme, na anayeitafuta kwa pupa huenda akapoteza prosesa yenyewe au, baya zaidi, kazi zote alizohifadhi.

Akiba inatoka wapi?

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mfano wa ngoma inayowaongoza wachezaji: kila ngoma inapolia, hatua moja hupigwa. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa kila sekunde.

Kasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi ya ubao mama, ambayo katika kompyuta nyingi za kisasa ni megahezi 100, kwa nambari iitwayo kizidishi. Kizidishi kikiwa 32, prosesa hukimbia kwa megahezi 3,200, yaani gigahezi 3.2. Kukipandisha kizidishi ndiko kuipandisha kasi.

Sababu ya kiwanda kuacha akiba ni kwamba prosesa hazilingani hata zikitengenezwa siku moja, kama vile maembe ya mti mmoja yasivyolingana utamu. Watengenezaji huzipima, wakazigawa katika makundi, kisha kila kundi likapewa kasi ambayo hata prosesa iliyo dhaifu kuliko zote humo inaweza kuimudu katika chumba chenye joto.

Mfano unaokumbukwa sana ni wa mwaka wa 1998, Intel ilipozindua prosesa ya bei nafuu ya Celeron 300A. Ilikuwa na kasi ya megahezi 300, lakini waliopandisha mapigo ya msingi kutoka megahezi 66 hadi 100 walipata megahezi 450. Hiyo ilikuwa sawa na kasi ya Pentium II ya bei ghali iliyozinduliwa mwaka huo huo.

Siku hizi neema ya aina hiyo ni adimu. Prosesa za kisasa hujipandisha zenyewe kila zinapopata nafasi ya kufanya hivyo, na kiasi kinachobakia kwa mwenye kompyuta ni kidogo.

Si kila kompyuta inakubali

Jambo la kwanza ni kufahamu aina ya mashine uliyo nayo. Programu ya bure ya CPU-Z huonyesha jina la prosesa na la ubao mama kwa muda mfupi.

Kwa upande wa Intel, prosesa zilizoachwa wazi kwa kazi hii kwa kawaida huwa na herufi K mwishoni mwa jina, na huhitaji ubao mama wa aina ya Z. Kwa upande wa AMD, takriban prosesa zote za Ryzen za kompyuta za mezani zinakubali, mradi ubao mama uwe wa aina kama B350, B450, B550 au X570. Ubao wa A320 haukubali.

Kompyuta nyingi zinazouzwa humu nchini baada ya kutumika katika ofisi za ng'ambo zimefungwa. Hata prosesa yake ikiwa nzuri, mipangilio ya kubadilisha kizidishi haimo. Mwenye mashine kama hiyo asipoteze muda wake.

Vile vile, ni vyema kujiuliza iwapo ni prosesa hasa inayochelewesha kazi. Kompyuta inayochukua dakika kadhaa kuwaka mara nyingi ina diski ya zamani inayozunguka. Kuweka diski ya SSD au kuongeza kumbukumbu ya RAM kutaisaidia kuliko ovakloki yoyote.

Maandalizi

Kwanza, tengeneza nakala ya picha, barua na hesabu zako zote, na uiweke nje ya kompyuta hiyo. Prosesa iliyopandishwa kupita uwezo wake si lazima izimike. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikikosea hesabu kimyakimya na kuandika makosa hayo kwenye diski. Mwenye duka anayeweka hesabu za mwaka mzima katika mashine hiyo anaweza kugundua hasara baada ya miezi kadhaa.

Pili, fungua kasha na uondoe vumbi, hasa kwenye feni na kipoza joto kinachokalia prosesa. Kama mashine ina miaka mingi, ile dawa laini ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipoza joto huenda imekauka na inafaa kubadilishwa.

Tatu, kagua kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ambacho mafundi huita pawasaplai. Kilicho duni kinaweza kushindwa prosesa inapodai umeme zaidi. Kwa kuwa umeme hupotea mara kwa mara katika maeneo mengi, kifaa cha UPS nacho ni kinga nzuri.

Nne, pima hali ilivyo kabla ya kubadilisha chochote. Programu ya HWiNFO huonyesha joto na volti, nayo Cinebench huipa prosesa alama kulingana na kasi yake. Bila vipimo hivyo, hutajua kama umepata faida au umejidanganya.

Hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa prosesa ya Ryzen 5 1600 ya mwaka wa 2017, yenye viini 6. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.2, nayo hujipandisha hadi 3.6 kazi ikiwa nyepesi. Viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja, kasi huwa karibu gigahezi 3.4.

Washa kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha Delete au F2 ili kuingia katika BIOS, ambayo ni mipangilio ya ubao mama wenyewe. Tafuta sehemu ya kizidishi cha prosesa na uandike 35. Usibadilishe kitu kingine. Hifadhi, kisha uiwashe upya.

Mashine ikiwaka, endesha programu ya majaribio kama Prime95 au OCCT kwa takriban dakika 10. Programu hizi huichosha prosesa kuliko kazi yoyote ya kawaida, na huripoti hesabu ikikosewa. Wakati huo usiache kutazama kipimo cha joto.

Yote yakiwa shwari, rudi katika BIOS na upandishe kizidishi hadi 36, halafu 37, ukijaribu kila mara. Andika kila hatua kwenye daftari.

Hatimaye utafika mahali ambapo kompyuta itaganda, itajizima au itaripoti makosa. Hapo una chaguo mbili: kurudi hatua moja nyuma na kuridhika, au kuongeza volti kidogo sana, mathalani sehemu mbili za mia ya volti kwa wakati mmoja, kisha kujaribu tena.

Volti ndiyo yenye hatari kubwa. Kwa kizazi hicho cha kwanza cha Ryzen, AMD yenyewe ilishauri watumiaji wasivuke volti 1.35 kwa matumizi ya kila siku. Kila prosesa ina mpaka wake, na wa moja haufai kunakiliwa kwa nyingine.

Prosesa nyingi za aina hii hufika gigahezi 3.8. Ukishapata kasi unayoitaka, iache programu ya majaribio ifanye kazi kwa saa kadhaa mfululizo. Likitokea kosa hata moja, shusha kasi.

Na iwapo kompyuta itakataa kuwaka kabisa, usibabaike. Izime, chomoa waya wa umeme na utoe betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama kwa dakika chache. Ukiirudisha, BIOS itasahau mabadiliko yote na kurejea katika hali ya kiwandani.

Bei ya joto

Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka kulingana na kasi, lakini kwa volti huongezeka maradufu ya hapo kwa sababu volti huzidishwa kwa yenyewe. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, matumizi ya umeme hupanda kwa takriban asilimia 33. Umeme huo wote huishia kuwa joto.

Mahali unapoishi nako kuna uzito. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Mashine ileile iliyotulia katika chumba chenye nyuzi 21 za sentigredi jijini Nairobi itakuwa na joto la takriban nyuzi 10 zaidi ikipelekwa Mombasa katika chumba chenye nyuzi 31. Kwa hivyo majaribio yafanywe mchana wa jua kali, wala si alfajiri.

Ni busara kutovuka nyuzi 85 wakati wa majaribio, ingawa Ryzen 5 1600 imewekewa kikomo cha nyuzi 95.

Joto lina dalili na prosesa hujilinda kwa kupunguza kasi. Madhara ya volti, kwa upande mwingine, huja polepole. Mnamo Julai 2024, Intel ilieleza kwamba hitilafu katika programu ya ndani ya prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na cha 14 ilikuwa ikiagiza volti za juu kupita kiasi. Programu ilirekebishwa, lakini zile zilizokuwa zimeharibika hazikuweza kuponywa, na kampuni ikaongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili.

Hao walikuwa wateja ambao hawakubadilisha chochote. Anayeiharibu prosesa kwa kuipandisha volti mwenyewe hawezi kutarajia ukarimu huo, kwani dhamana kwa kawaida haihusu madhara ya ovakloki.

Je, faida inatosha?

Kutoka gigahezi 3.4 hadi 3.8 ni nyongeza ya takriban asilimia 12. Kazi ya kutayarisha video ya harusi iliyochukua saa nzima sasa itachukua karibu dakika 54. Kwa anayefanya kazi hiyo kila siku, dakika hizo ni mali. Kwa anayeandika barua na kusoma habari, hatahisi tofauti yoyote.

Ipo pia njia nyepesi ambayo wengi huisahau. Kumbukumbu za RAM za DDR4 zilizoandikwa 3200 mara nyingi huendeshwa kwa kasi ya chini hadi mwenyewe awashe mpangilio uitwao XMP katika BIOS. Prosesa za Ryzen hunufaika sana na hatua hiyo, ingawa nayo inahitaji majaribio.

Anayeanza basi na aanze na mashine ambayo riziki yake haiitegemei, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na asimame mara tu vipimo vitakapomwambia asimame.