Kutengeneza, Kukarabati na Kufufua: Istilahi za Lori la Zamani Linaporudi Barabarani

Miongoni mwa barua tulizopokea kutoka mikoani imo moja ya Kasingirima, Ujiji, ambayo tumeonelea tuijibu kwa urefu kuliko kawaida yetu. Mwandishi wake ana lori aina ya Bedford la miaka ya 1960, ambalo yeye na fundi mmoja wa mtaani hapo walilishughulikia kwa miaka mitatu mpaka likawaka. Kabla ya kuliingiza barabarani alitakiwa kujaza fomu ya kuomba ukaguzi. Katika fomu hiyo, ambayo hapana shaka ilifasiriwa kwa haraka, kazi yote ya miaka mitatu ilihusishwa na swali moja tu: je, gari limefanyiwa ukarabati? Alitaka kujua ajibu nini. Akiandika "ndiyo", mkaguzi atadhani amebadilisha plagi na kupiga rangi; akiandika "hapana", atakuwa amesema uongo.

Swali hili si dogo hata kidogo. Chesesi ya lori hilo ilikuwa imeliwa na kutu, ikakatwa na kuchomelewa upya mahali pawili. Mkaguzi ajuaye jambo hilo atalala chini ya gari na kumulika kila kiungo. Asiyejua atajaribu taa na honi, kisha atatia sahihi. Tofauti baina ya wakaguzi hao wawili ni neno moja lililochaguliwa na mfasiri ofisini.

Kwa kuwa tulikuwa na safari ya kukusanya maneno ya mafundi mkoani Kigoma, tulimtembelea mwenye barua. Karakana ni kivuli cha mwembe, na lori lilikuwa limeegeshwa hapo. Kosa la kwanza tulilifanya sisi. Tuliliita "gari kuukuu", na fundi, mzee wa makamo ya kuwa baba yetu, akatukata kauli: "Kuukuu ni tambara, mwanangu. Hili ni la zamani." Tunakubaliana naye. Kuukuu ni sifa ya kitu kilichochakaa, nguo au mkeka. Umri wa kitu ni jambo jingine. Katika orodha yetu tumeandika "gari la zamani".

Tulikuta pia kwamba mafundi hawana upungufu wa maneno. Injini "ilishushwa", yaani ilitolewa garini ikafunguliwa yote, pistoni na ringi zikabadilishwa. Rejeta "ilizibuliwa". Bodi "ilinyooshwa". Chesesi "ilichomelewa". Kila kitenzi kinataja kazi yake na kumwambia msikilizaji ni nini cha kuangalia. Neno "ukarabati" hatukulisikia kwa yeyote ila mwenye gari, naye alikuwa amelisoma katika fomu.

Hatusemi neno hilo ni baya. Tunasema limetwishwa mzigo usiokuwa wake. Kutengeneza ni kukifanya kitu kilichoharibika kifanye kazi. Kukarabati ni kushughulikia sehemu zilizochoka za kitu ambacho bado kimo katika matumizi, kama vile nyumba, barabara au daraja. Lori la Kasingirima halikuwa katika hali yo yote kati ya hizo mbili. Lilikuwa limekufa, na nyasi zimeota ndani yake. Kwa hali hiyo tunapendekeza kufufua. Wapo wenzetu wanaodhani neno hilo ni la dini tu, lakini magazeti na hotuba zimekwisha kutuzoeza kusikia kiwanda kimefufuliwa au zao la pamba limefufuliwa, na hakuna aliyekwazika.

Mfano ulio bora wa tofauti hii uko ziwani, umbali mfupi kutoka karakana ile. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapelekwa bara, ikaunganishwa Kigoma na kushuliwa ziwani mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi kwa wingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa, ikatiwa injini za dizeli. Mfasiri akiandika kwamba meli hiyo "ilikarabatiwa" mwaka 1927 na "ikakarabatiwa" tena katika miaka ya 1970, amefuta habari yenyewe. Mara ya kwanza iliopolewa na kufufuliwa, na kwa sababu ya ile grisi mitambo iliyofufuka ilikuwa ile ile iliyozama. Mara ya pili ilibadilishiwa mitambo. Mwanafunzi anayesoma historia ya ziwa hilo anastahili kuzijua habari hizo mbili kila moja kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye safari. Lori lilitolewa Kasingirima asubuhi na mapema, kupanda Mwanga na kuteremkia Kigoma, ambako lingekaguliwa. Fundi alishika usukani, sisi tukaketi kando yake, na utingo akasimama nyuma na jiwe lake. (Usukani nao ni neno la chombo cha majini lililohamia garini, wala hakuna dereva anayelalamika.) Kupanda hakukuwa na tatizo. Tulipoanza kuteremka fundi alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Alipaza sauti akatamka neno moja tu: "Upepo!" Akakanyaga klachi mara mbili, akaingiza gia ya pili, injini ikanguruma na kulizuia lori, huku akiipiga pedali haraka haraka mpaka breki ikashika kidogo. Lilipokaribia kusimama utingo aliruka akatia jiwe mbele ya tairi. Hatukuweza kuandika lo lote kwa dakika kadhaa.

Katika rasimu yetu tulikuwa tumeandika "kuondoa hewa katika mfumo wa breki". Maelezo hayo ni sahihi. Utingo alilala chini akalegeza nati gurudumuni, fundi akakanyaga pedali, mafuta yakatoka na povu, nati ikakazwa, pedali ikaachiliwa, wakarudia hivyo mpaka mafuta yakatoka bila povu. Lakini mafundi huita kazi hiyo "kutoa upepo", na tumeshuhudia jinsi neno hilo linavyofanya kazi pale ambapo sentensi nzima haina nafasi. Walimu wa fizikia watasema kwamba upepo ni hewa iendayo, na hewa iliyonaswa katika bomba haiendi. Ni kweli, lakini hata tairi hujazwa upepo, na katika kitabu cha fizikia hewa itabaki kuwa hewa. Tumebadilisha rasimu.

Kuhusu safari yenyewe, tumependekezewa "uzinduzi", nasi tumeukataa, maana uzinduzi una mgeni rasmi na utepe. Mzee mmoja wa Ujiji aliuliza kwa mzaha lori "litashuliwa" lini. Neno ni zuri, ila kushua ni kukiingiza chombo majini, na hatuoni sababu ya kuwanyang'anya mabaharia. "Safari ya majaribio" inatosha, kwa kuwa inaungama kwamba jambo laweza kushindikana.

Mwenye lori alikata neno "ukarabati" katika fomu yake akaandika kwa mkono: "Gari limefufuliwa. Injini imeshushwa. Chesesi imechomelewa mahali pawili." Mkaguzi alisoma, akaomba tochi. Kiungo kimoja alikikubali. Cha pili aliagiza kichomelewe tena, na lori likalala Kigoma.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia jina: kule kukanyaga klachi mara mbili ili gia iingie. Fundi alisema huitwa hivyo hivyo, kukanyaga klachi mara mbili. Wasomaji wenye neno fupi zaidi, hasa madereva wa zamani, tunaomba watuandikie kabla ya orodha kupelekwa katika kamati.