Kulesa Hakuna Barafu, So Mbona Injini ya Boti Inakufa Ikiwa Imelala Tu?

Wasee wa Ulaya na Marekani wakiona baridi kali inakaribia, wanatoa boti majini na kuimwagia injini antifrizi. Sababu ni simpo: maji yakiganda yanafura kwa karibu asilimia 9, na kama yalibaki ndani ya chuma, chuma ndicho kinapasuka.

Sasa ukiskia hiyo story ukiwa Kulesa, kando ya mto Tana, jua likikupiga utosini, lazima ucheke. Lakini pole pole, buda. Kinachoua injini ni yale maji yaliyoachwa ndani, na hayo hata sisi tunayaacha.

Unakumbuka El Niño ya Novemba 2023, halafu mafuriko mengine Aprili na Mei 2024? Tana ilivunja kingo, barabara zikakatika, boti ikawa ndiyo matatu. Mgonjwa wa kupelekwa Garsen ni boti, unga ni boti. Maji yakishuka, boti inaegeshwa chini ya mwembe na injini inasahaulika. Siku mto unarudi, tena usiku, unavuta kamba... kimya. Hapo ndio utajua hujui.

Cheki vile inaenda. Maji ya Tana ni rangi ya chai ya maziwa juu yanabeba udongo kutoka huko juu, Mlima Kenya na Aberdare. Injini inayafyonza ili ijipoze. Ukizima, mengine yanabaki kwa vijia vyembamba vya ndani, yanakauka, na lile tope linashika kama plasta. Ukiwasha tena maji hayapiti, joto linapanda, pistoni inashika. Kipini, pale mto unaingia baharini, kuna chumvi juu ya tope. Hiyo chumvi inakula alumini bila huruma.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kuilaza, tumbukiza mguu wa injini kwa pipa la maji safi, yafunike tundu la kuvutia maji, uiwashe bila gia kama dakika 10. Usiwahi kuiwasha kavu ati unaijaribu tu! Ndani kuna kipanga cha mpira cha kusukuma maji, na bila maji kinaungua haraka sana. Ukimaliza, iache imesimama wima maji yote yachuruzike.

Petroli toa kwa kabureta, ikikaa inageuka gundi. Dizeli, kama ya pampu za shamba ama maboti makubwa ya Lamu, ni kinyume: jaza tangi hadi juu. Tangi likiwa nusu, hewa iliyobaki inatoa umande, maji yanakaa chini, vijidudu vinazaliana hapo na kuziba filta kwa uteute. Oili nayo badilisha kabla ya kulaza, si siku ya kuamsha, kwa sababu oili chafu ina asidi. Ziba ekzosi na kitambaa, nyigu wanapenda kujenga humo. (Na ukikumbuke hicho kitambaa kabla ya kuwasha, tafadhali.)

So antifrizi ni ya wazungu pekee? Zii. Ni ile ile fundi anaita kulanti. Kwa injini yenye rejeta, ukichanganya nusu kwa nusu na maji safi haigandi hadi kama digrii 37 chini ya sifuri. Hiyo Kulesa hatuihitaji. Tunachohitaji ni dawa ya kutu iliyo ndani yake, na vile inachelewesha maji kuchemka. Kujaza rejeta maji ya mto ili kuokoa doh ni kujidanganya.

Ila kuna noma moja. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, na hiyo kitu ni tamu. Mtoto, mbwa ama mbuzi akionja ataendelea kunywa, na kiasi kidogo tu kinaua figo. Usiiweke kwa chupa ya soda. Na ile kuukuu usiimwage mtoni, kuna mtu anateka maji hapo chini.