Kinga Isiyokinga: Usalama wa Wapanda Baiskeli Kampasini Lubumbashi

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, baiskeli huitwa kinga. Neno hilo linalingana na incinga ya Kibemba, lugha inayosemwa pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia. Halina uhusiano na kitenzi kukinga, ambacho katika Kiswahili sanifu huzaa kinga yenye maana ya hifadhi. Maneno hayo mawili yanafanana kwa umbo tu. Na kwa kweli baiskeli haina bati wala kioo cha kumhifadhi anayeipanda. Hifadhi yake ni mwenendo wake barabarani. Makala haya yanakusudia kueleza mwenendo huo na sababu zake.

2. Barabara na watumiaji wake

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho chanzo chake ni mwaka 1956, kina kampasi yake kubwa kando ya barabara ya Kasapa. Katika barabara za mji huo hukutana watembea kwa miguu, pikipiki, mabasi madogo, malori, na wauza makaa wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa magunia. Baiskeli yenye mzigo kama huo haiwezi kukwepa ghafula. Anayetaka kuipita hana budi kuiachia nafasi.

Nchini Kongo magari hupita upande wa kulia. Hata hivyo, Lubumbashi kuna magari mengi yenye usukani wa kulia, yaliyoundwa kwa nchi ambako watu hupita kushoto, kama Zambia na Tanzania. Dereva wa gari la namna hiyo, akitaka kulipita lori lililo mbele yake, haoni mbele mpaka achomoze gari lake kushoto. Mpanda baiskeli anayekuja upande wa pili huweza kulikuta gari limekwisha kuingia njiani mwake. Kwa hiyo, aonapo lori linafuatwa na magari, apunguze mwendo na kukaa ukingoni.

3. Mwendo na breki

Anayekwenda kilomita 18 kwa saa hupita mita 5 kila sekunde. Akitumia sekunde moja kutambua hatari na kushika breki, amekwisha kwenda mita 5 kabla mwendo haujaanza kupungua. Kwenye lami kavu atahitaji mita nyingine 4 au 5 ili asimame. Mwendo ukiwa maradufu, kama kwenye mteremko, umbali huo wa breki huwa mara nne.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa uzito huelemea gurudumu la mbele wakati wa kusimama. Lakini ikibanwa kwa ghafula humrusha mtu mbele ya usukani. Inafaa breki zote mbili zibanwe pamoja, kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, na kabla ya kona wala si ndani yake, hasa penye changarawe. Wakati wa mvua, yaani takriban Novemba hadi Aprili, maji hufanya breki za mpira ziteleze kwenye rimu. Kuzigusa mapema huyafuta maji hayo.

4. Kuonekana na kueleweka

Wako wanaoendesha upande wa kushoto ili wayaone magari yanayokuja. Hilo ni kosa. Mwendo wa gari na wa baiskeli hujumlishwa, na dereva anayetoka njia ya kando ili akate kulia hutazama kushoto, ambako magari hutokea. Hamtazamii mtu kutoka kulia.

Jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili jioni na giza huingia upesi. Wanaorudi kutoka masomo ya jioni wanahitaji taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na nguo ya rangi nyeupe. Kabla ya kukata kona, mtu atazame nyuma, kisha anyoshe mkono. Apitapo magari yaliyoegeshwa, aache nafasi ya mita moja, kwani mlango huweza kufunguliwa. Ncha ya kikwembe au ya suruali pana ifungwe isikamatwe na mnyororo. Kofia ngumu hupunguza madhara ya kichwa, ila haizuii ajali kutokea.

5. Hitimisho

Mwanachuo aliyevunjika mguu huweza kupoteza mwaka mzima wa masomo, na jamaa zake ndio hulipa gharama za matibabu. Lakini si haki kumtwisha yeye peke yake wajibu wote. Mhadhiri mwenye gari apunguze mwendo kampasini, na wakuu wa chuo waangalie taa za barabarani na mashimo. Kiswahili sanifu kina kinga nyingine tena, yenye maana ya kijiti cha moto, na wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Usalama nao hupatikana kwa ushirikiano wa namna hiyo.