Vijana na Tenzi za Wazee Wao

Kijana asiyesoma maandiko ya wazee wake hupata habari za asili yake kwa vinywa vya watu baki; wakimwambia kuwa hana asili, huitikia. Dawa yake si mbali.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, naye ni mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia: ashike dini, awe na adabu, auchunge ulimi wake, amtii mumewe. Wasia wa mama mmoja kwa mwana mmoja ukawa wasia wa nyumba nyingi za pwani.

Kabla yake Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Aliyatazama magofu ya majumba ya Pate, kisha akauonya moyo wake mwenyewe kuwa dunia haidumu. Asomaye hana budi kujiuliza: je, na moyo wangu?

Hiyo ndiyo faida. Hatusomi ili tujisifu kwa wazee, kwani ubora ni uchaji Mungu, si nasaba. Twasoma ili tujipime. Huenda binti wa leo asikubali kila neno la Mwana Kupona juu ya mume. Na ajibizane nalo, maana hata kwa kujibizana hujijua alipo.

Basi, enyi wazazi, baada ya sala ya Isha mpeni mtoto utenzi asome kwa sauti. Neno asilolijua, mwelezeni. Nanyi msipolijua, waulizeni mabibi wangali hai.