Mchujo wa juu, mchujo wa chini: msimu unavyoishia Mtwara

Novemba 1, 2025, Toronto Blue Jays walifungwa 5-4 na Los Angeles Dodgers katika mechi ya saba ya fainali ya besiboli, tena baada ya muda wa nyongeza, nyumbani kwao. Huku ninakoishi watu walinuna wiki nzima. Kila nilipopita kazini nilikuta hoja ni ileile: kwenye msimu wa kawaida Blue Jays walishinda mechi 94, Dodgers 93. Iweje mwenye pungufu abebe kombe?

Ukitaka kupima kwa ushindi wa msimu mzima, basi hata Toronto hawakustahili. Milwaukee Brewers walishinda mechi 97, zaidi ya timu zote, na Dodgers waliwatoa kwenye nusu fainali kwa mechi nne bila jibu. Mashabiki wa Milwaukee hawana cha kuonyesha.

Ndugu na marafiki wa nyumbani huniuliza mara nyingi kwa nini Wamarekani wanacheza mechi 162 halafu bingwa apatikane kwa mechi chache za Oktoba. Swali ni zuri, na ubishi huo si mgeni kwetu. Sisi watu wa Kusini mwa Tanzania tumewahi kuwa na ligi inayoishia kwenye mchujo, ikatupa makombe, kisha ikaondolewa. Mchujo uliobaki ni wa kuamua nani ashuke.

Nianze na besiboli, kwa ufupi. Zamani zilikuwa ligi mbili zisizokutana kabisa, na kuanzia 1903 mabingwa wao wakaanza kupambana mwisho wa msimu. Hakukuwa na namna nyingine ya kujua nani zaidi. Timu zilipoongezeka, kila ligi ikagawanywa makundi mwaka 1969, kukawa na nusu fainali. Katika miaka ya 1990 wakaongeza nafasi kwa timu ambazo hazikuongoza kundi lakini zimefanya vizuri. Tangu 2022, timu 12 kati ya 30 huingia kwenye mchujo. Mwaka 2001 Seattle walishinda mechi 116 na hawakufika hata fainali. Mwaka 2023 Arizona walishinda 84 tu, yaani nusu ya msimu na kidogo, wakafika.

Kuna jambo moja la besiboli ambalo shabiki wa Ndanda, timu ya Mtwara, atalielewa haraka kuliko shabiki wa Toronto: hakuna kushuka daraja. Timu ikishika mkia, mwakani ipo palepale, na kwa kawaida hupewa nafasi za mbele katika kuchagua vijana wapya. Ndiyo maana wanahitaji mchujo mkubwa huko juu. Bila huo, ikifika Agosti nusu ya timu hazina cha kupigania. Kwetu timu ya mkiani ina cha kupigania mpaka filimbi ya mwisho, na kwa Mtwara hicho ndicho kilichokuwa kiini cha msimu karibu kila mwaka.

Ndanda FC ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, pamoja na Stand United ya Shinyanga na Polisi Morogoro. Tangu hapo Nangwanda Sijaona ukawa uwanja wa Ligi Kuu. Aliyewahi kuwepo Mtwara siku ya Simba au Yanga kuja anajua ninachosema. Tangu asubuhi Hiace na Noah zinashusha watu kutoka Masasi, Newala, Tandahimba na Lindi, wengine wamelala kwa jamaa Magomeni na Chikongola. Pale nje ya geti mama anakata pweza vipande na kumwagia pilipili, pembeni yake kijana anauza jezi za rangi tatu, za Ndanda zikiwa chache kuliko nyingine mbili. Nyumba za wageni zimejaa. Bodaboda hana muda wa kunywa maji. Hata asiyejua mpira alijua kuna mechi, kwa sababu mchicha sokoni ulipanda bei.

Siku kama hizo zilikuwa mbili kwa msimu, na klabu isiyo na kiwanda wala jeshi nyuma yake iliishi kwa mapato ya siku hizo. Ndiyo sababu jambo la Mei 2016 liliwauma watu. Mechi ya nyumbani ya Ndanda dhidi ya Yanga, mwishoni mwa msimu, ilihamishiwa Uwanja wa Taifa Dar es Salaam, na Yanga, waliokwisha kutwaa ubingwa, wakakabidhiwa kombe lao hapohapo. Yanga walikuwa na safari ya Angola kwa mechi ya Afrika, na klabu yetu iliridhia. Sababu zilieleweka. Lakini mwenye tiketi yake ya kufikirika kule Msimbati au Mikindani, aliyesubiri mwaka mzima kumwona bingwa kwa macho, aliisikiliza kwenye redio. Nadhani siku ile ilifundisha watu kwamba mwisho wa msimu wa bingwa ni mali ya Dar es Salaam.

Haikuwa hivyo siku zote. Kuanzia 1982 kulikuwa na Ligi ya Muungano. Timu za juu za Bara na za Zanzibar zilikutana baada ya ligi zao, na atakayeshinda hapo ndiye bingwa wa Tanzania kwa macho ya Afrika. Huo ulikuwa mchujo wa juu, hata kama hatukuuita hivyo. Mwaka 1986 bingwa wa Bara alikuwa Tukuyu Stars ya Mbeya, timu iliyomshangaza kila mtu. Lakini bingwa wa Muungano mwaka huohuo alikuwa Majimaji ya Songea. Majimaji walikuwa wamelichukua kombe hilo pia mwaka 1985, ambapo bingwa wa Bara alikuwa Yanga, na wakalichukua tena 1998. Pamba ya Mwanza ililipata 1990. KMKM na Malindi za Unguja zimo kwenye orodha.

Mjomba wangu, ambaye ameishi Mtwara maisha yake yote na ni Yanga wa kufa, huwa akifika hapo ananikatiza. "Mpwa wangu, hao Majimaji hawakuwa mabingwa wa Bara hata mara moja. Utasemaje ni mabingwa wa nchi?" Ni hoja ileile ya wenzangu wa kazini, neno kwa neno, na ina nguvu. Aliyeongoza mechi nyingi, nyumbani na ugenini, kwenye matope ya Machi na jua la Septemba, ameonyesha zaidi kuliko aliyewika wiki mbili.

Mimi humjibu hivi. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, juu ya Songea, unashuka mpaka kwetu na kumwaga maji baharini jirani na Msimbati. Katika ukanda huo wote, kutoka chanzo mpaka mlango wa mto, makombe makubwa ya soka yaliyowahi kuja ni yale matatu ya Majimaji. Yalikuja kwa sababu kulikuwa na hatua ya mwisho ambapo timu yenye wachezaji kumi na tano wazuri na ari ilikutana na vigogo kwa mechi chache tu. Kwenye mechi 30 pesa inashinda. Kikosi kipana kinashinda. Anayesafiri kwa ndege anamshinda anayetoka Bukoba kuja Mtwara kwa basi, karibu kilometa 2,000. Angalia orodha ya mabingwa wa Bara: tangu Mtibwa Sugar walipolichukua kombe 1999 na 2000, wamepita Simba, Yanga, na Azam mara moja, msimu wa 2013/14. Hakuna mwingine. Robo karne sasa.

Ligi ya Muungano ilikosa kazi pale Zanzibar ilipoanza kupeleka klabu zake Afrika kwa jina lake mwaka 2004. Mchujo wa juu ulijitokeza mara moja tena, 2007, wakati kalenda ilipokuwa inahamishwa ili msimu uanze Agosti na kuisha Mei. Kujaza pengo ikachezwa Ligi Ndogo, yenye makundi, nusu fainali na fainali. Fainali ilikuwa Simba na Yanga pale Jamhuri, Morogoro, na Simba wakashinda kwa penalti. Mpaka leo ukitaka kuanzisha zogo kwenye kijiwe chochote cha kahawa kati ya Mtwara na Mwanza, uliza kama ubingwa huo unahesabika. Mwenye Simba ataanza kuhesabu kutoka pale, mwenye Yanga atauruka.

Baada ya hapo mchujo ukahamia chini. Kuanzia msimu wa 2018/19 timu za nafasi fulani za mkiani zilikutana na zile zilizokaribia kupanda kutoka daraja la kwanza. Mwaka huo Kagera Sugar na Mwadui walinusurika mbele ya Pamba na Geita Gold. Siku hizi, ligi ikiwa na timu 16, ya 15 na ya 16 zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinakutana nyumbani na ugenini, mshindi anabaki, na aliyefungwa anakutana na timu iliyoshinda mchujo wa Championship, daraja linalofuata chini. Mashujaa ya Kigoma ilipanda kwa njia hiyo 2023, ikiishusha Mbeya City. Mwaka huo Kigoma nzima ilikuwa barabarani.

Ndanda haikupata hata mlango huo. Msimu wa 2019/20 ulikuwa na timu 20 na ulisimamishwa Machi kwa ajili ya corona, ukarudi Juni. Kwa kuwa ligi ilikuwa inapunguzwa, timu nne zilikuwa zishuke moja kwa moja, na mbili zilizo juu yao ziende mchujo. Nne zile zilikuwa Ndanda, Alliance, Lipuli na Singida United. Mbao na Mbeya City ndio walioenda mchujo: Mbeya City wakapona, Mbao wakatolewa na Ihefu. Julai ile nilikuwa napiga simu nyumbani na kukuta watu wamekaa na karatasi, wanajumlisha pointi, wanaondoa mabao, wanatafuta matokeo ya viwanja vingine ambayo yangetufikisha angalau kwenye mchujo. Hayakupatikana.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike haya. Mei 2021, mwaka haujatimia tangu Ndanda ishuke, shirikisho la soka, TFF, na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Oktoba mwaka huo benki ya NBC wakaingia kama wadhamini wakuu wa ligi. Klabu zilizokuwa ndani zikaanza kupata fungu ambalo Ndanda haikuwahi kulionja katika miaka yake sita ya shida. Haijarudi Ligi Kuu tangu siku ile. Pengo kati ya aliye ndani na aliye nje limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa wakati Mtwara inapanda, na hilo halielezwi na uwezo wa wachezaji peke yake.

Msimu huohuo wa huzuni ulikuwa na upande mwingine, jirani tu. Namungo ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, ilikuwa na msimu wake wa kwanza Ligi Kuu na ikamaliza ya nne. Agosti 2, 2020 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba pale Nelson Mandela, Sumbawanga, ikafungwa 2-1. Kwa kuwa Simba walikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, Namungo wakapata ya Kombe la Shirikisho Afrika, na wakaenda mpaka makundi, wakapangwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Kwa njia ya mtoano, timu kutoka Ruangwa ikasimama na Raja. Kwa jedwali peke yake isingewezekana.

Kwa hiyo mjomba namkubalia nusu. Bingwa wa Bara aendelee kupatikana kwa pointi. Hata ule msimu wa 2024/25, wenye kila aina ya mvutano, uliamuliwa kwa haki mwishowe: mechi ya watani iliyoahirishwa Machi 8, baada ya Simba kuzuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Mkapa usiku uliotangulia, ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kutwaa kombe siku ya mwisho. Sitaki mchujo umnyang'anye mtu haki ya namna hiyo.

Ninachotaka ni hatua ya pili yenye kombe lake, kama ilivyokuwa ile ya Muungano. Na tayari ina mahali pa kuanzia. Kombe la Muungano lilifufuliwa Aprili 2024 kule Zanzibar, likiwa na Simba, Azam, KMKM na KVZ, na Simba wakalichukua. Ni mashindano mafupi, yanaisha ndani ya siku chache, lakini walioalikwa kutoka Bara mwaka huo walikuwa walewale wenye makombe. TFF na wenzao wa Zanzibar, ZFF, wakiamua nafasi moja ya Bara igombewe kwa kanda, Kusini ikakutanisha Namungo, Ndanda, Majimaji na yeyote mwingine atakayejitokeza, wenye nia watapata pa kucheza mechi yenye maana hata wakiwa daraja la chini. Mechi za kanda zikachezwa Nangwanda, Ilulu ya Lindi na Songea, si Dar es Salaam. Gharama yake ni mabasi machache na waamuzi, na tarehe inaweza kupatikana mwishoni mwa Aprili, ambapo sikukuu ya Muungano ipo kila mwaka.