Kengele ya moshi

Kengele ya moshi ni kifaa kinachotambua moshi ndani ya jengo na kutoa mlio mkali ili watu, hasa waliolala, wapate nafasi ya kutoka kabla moto haujaenea.

Kuna aina mbili kuu. Kengele ya ioni ina kiasi kidogo cha elementi nururifu ya ameriki (Am-241), nayo huwahi kutambua moto wenye miali. Kengele ya mwanga hutambua moshi unapotawanya mwale wa mwanga ndani yake. Huwahi kutambua moto unaofukuta polepole, kwa mfano ndani ya godoro au kochi.

Kengele huchakaa hata kama bado inalia. Kitufe cha majaribio hakionyeshi kama kihisio bado kinatambua moshi upesi kama kilipokuwa kipya. Kwa hiyo hushauriwa kuijaribu kila mwezi na kuibadilisha miaka 10 baada ya tarehe ya kutengenezwa, ambayo kwa kawaida huandikwa mgongoni mwake.

Kengele zilizounganishwa hulia zote mara moja inapotambua moshi. Hivyo aliyelala ghorofani, mlango ukiwa umefungwa, husikia habari ya moto ulioanzia sebuleni. Huko Uskoti, tangu Februari 2022 sheria inadai kengele za namna hiyo katika kila nyumba: za moshi sebuleni na katika kila ujia, na ya joto jikoni, kwa sababu moshi wa kupikia huliza kengele ya moshi bure.