Ng'ombe wa Mji na Yasini 41

Wako wageni walioandika, na sasa wako hata vijana wetu wasemao, ya kuwa sisi watu wa Lamu tukifikwa na balaa huketi kitako tukingojea la Mungu, kana kwamba tawakali ni jina jingine la uvivu. Nami niliyelelewa mtaa wa Mkomani, katika nyumba ambayo haikupata kupitiwa na msiba pasina kisomo, sina budi kuwajibu.

Mvua ilipokatika, au maradhi yalipoingia mji, halikuwa jambo la mtu kujifungia na tasbihi yake. Kwanza ulipita mchango, nahodha akatoa chake na hamali akatoa chake, hata akapatikana ng'ombe; kisha akaongozwa kuuzunguka mji mzima, mbele masharifu na walimu, nyuma watoto wa chuo wakisoma kwa sauti moja, na kila pembe ya mji msafara ukasimama, mwadhini akaadhini, dua ikaombwa, nasi wanawake madirishani tukaitikia "amina" hali machozi yakitutiririka. Alipochinjwa, nyama ilifika kwa mafukara kabla tajiri hajaionja. Huko ndiko kuketi kitako?

Kwa mgonjwa nako, Yasini, sura ya 36 yenye aya 83, ilisomwa mara 41, hesabu yake ikishikwa kwa kokwa za tende. Kombe, yaani aya za Qurani, likaandikwa sahanini kwa zafarani, likaoshwa kwa marashi, akanyweshwa. Bibi yangu, aliyempeleka mgonjwa yule yule kwa daktari asubuhi, hakuona ugomvi wowote baina ya dawa na dua.

Ama halbadiri ya kuwaapiza wezi, ambayo wageni huitaja kana kwamba ndiyo dini yetu nzima, naipita.

Siku hizi mwenye kuuguliwa humpelekea mwalimu bahasha, au huweka rekodi ikasoma chumbani pasipo mtu mkekani. Sisemi kwamba dua hiyo haifiki, maana Mola ni Msikivu. Lakini mwenye msiba hubaki peke yake. Mwanangu alipolazwa bara nilitandika mikeka yote ya nyumba, nikateleka kahawa, wakaja wanawake watatu, wazee watupu. Tukasoma pamoja kwa sauti, na adhana ya alfajiri ikatukuta tuna kokwa 29 sahanini. Tukaswali, tukarejea mkekani.